Grégoire na kulasi aliyoikwangua mwenyewe

Mume wangu Grégoire ni mwoga, na ninaliandika hili akiwa amekaa pembeni yangu anamenya viazi. Anaogopa radi ikipiga juu ya ziwa. Anaogopa sindano, anaogopa bata mzinga wa jirani, na mbele ya mama yangu bado anakaa kwenye ukingo wa kiti kana kwamba posa yake haijajibiwa. Mungu naye ana mizaha yake, maana mtu wa namna hiyo akampa kazi ya kuendesha Hiace ya abiria kati ya Bukavu na Bunyakiri, barabara ambayo hata mashujaa huipita wakishika rozari.

Asiyeijua barabara hiyo nitamweleza. Unatoka Bukavu kuelekea Kavumu, lakini kabla ya kufika huko unakata kushoto kwenye kijiji kinachoitwa Miti, unapanda, na nyumba zinaisha. Kinachobaki ni msitu wa Kahuzi, miti kulia na kushoto, na barabara ya udongo katikati. Ukishavuka kilele unateremka hadi Bunyakiri. Kwenda si kitu, gari ni jepesi. Taabu ni kurudi, gari limejaa watu na bidoni, yaani madumu, za mawese, na mlima unakungoja. Mawese mengine ni yangu. Mimi Chantal nayanunua Bunyakiri na kuyauza soko la Kadutu, ndiyo maana mara nyingi nakaa kiti cha mbele karibu na mume wangu.

Hiace yetu ilikuwa inapanda mlima ule kwa mwendo wa mgonjwa. Na ndani ya msitu mwendo wa mgonjwa ni hatari, kwa sababu wapo watu wenye bunduki wanaoishi humo, na gari linalosimama au linalotambaa ni zawadi kwao. Madereva wenzake wamevuliwa hadi viatu. Wengine walipelekwa ndani ya miti na hatujui habari zao. Kila tukifika pale penye kiza, Grégoire alikuwa anaacha kuongea, jasho linamtoka kwenye masikio, na mimi nasoma Salamu Maria kimoyomoyo, kwa haraka, bila hata kupumua vizuri.

Basi siku moja pale kwenye parking, kituo cha magari, Gérard, dereva mwenzake, akaanza kujisifu. Gari lake sasa linapanda Kahuzi kama halina mzigo. Siri yake ilikuwa kulasi. Kulasi ni kile kichwa kizito cha chuma kinachofunika injini juu, chenye matundu ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi. Gérard aliipeleka kwa Papa Nasoro, fundi aliyetoka Uvira mwenye atelye, yaani karakana, Kadutu, naye akayapanua matundu yale kwa jiwe la kusagia mpaka injini ikapata kupumua. Grégoire alikuwapo kazi ile ikifanyika. Kwetu mtu akipeleka kipande cha gari kwa fundi haondoki, anakaa juu ya kigoda anakilinda, maana kipande kinaweza kuingia kizuri kikatoka kibaya cha gari la mtu mwingine. Gérard alikaa kulinda, na Grégoire akakaa kumlinda Gérard asilale.

Grégoire naye akaenda kuomba afanyiwe vilevile. Lakini Papa Nasoro alikuwa amechoshwa na watu wa vigoda, wanaomwangalia mikono kutwa nzima na kumuuliza maswali jiwe likiwa linazunguka. Akasema kulasi ataipokea kwa sharti moja: uiache, uende zako, nitakuita. Kuiacha? Grégoire alirudi nyumbani uso umekunjamana. Alisema ataamkaje asubuhi akijua kulasi yake imelala kwa watu. Nikamwambia kwamba Papa Nasoro ni mzee wa heshima, hajawahi kuiba hata msumari. Akajibu kwamba hamtuhumu, anaogopa tu. Na kwa Grégoire, akishaogopa, maneno yameisha.

Hapo ndipo alipokata shauri kuifanya mwenyewe. Si alikuwa ameona kila kitu? Alikuwa amekaa kwenye vigoda vya mafundi miaka yote ya udereva wake. Nikamkumbusha kwamba mimi nami huona padri akisoma misa kila Jumapili, na bado hakuna aliyeniomba nibariki ndoa. Hakucheka.

Aliazima mashine ya kutoboa, akafunga kijiwe cha kusagia mbele yake, akaiweka kulasi juu ya meza yangu ya kukatia majani ya sombe. Kelele ile ilikuwa inaingia kwenye meno. Vumbi la chuma likatua kwenye nguo nilizoanika. Alikuwa anasaga kidogo, anaingiza kidole ndani ya tundu, anafumba macho na kupapasa, kisha anasaga tena. Lazima nikiri kwamba ilipendeza kumtazama. Matundu yalikuwa yanang'aa, laini kama ndani ya kikombe. Nikaanza kufikiri labda nimemdharau bure.

Kisha sauti ikabadilika. Nilikuwa jikoni na niliisikia vizuri. Chuma kilikuwa kinanguruma, mara kikaanza kulia juu, kama sufuria tupu ukiikwangua na kijiko. Mashine ikazimwa papo hapo. Nikatoka, nikamkuta amesimama na kidole chake ndani ya tundu. Nikauliza kuna nini. Akasema jiwe limechakaa. Akafuta kulasi, akaifunika na kitambaa, akaenda kunawa mikono, na alinawa kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.

Sikujua wakati ule, lakini sasa najua, kwamba ndani ya kulasi zipo njia mbili zinazopita jirani. Moja ni ya hewa, nyingine ni ya maji ya kupoza injini, na kati yao upo ukuta wa chuma tu. Ukiusaga ukuta ule kupita kiasi, injini ikipata joto unapasuka, maji yanaingia kwenye moto, na gari linasimama hapo lilipo. Grégoire alilijua hilo. Alijua pia kwamba ukuta ukishapungua haurudi, na hakuna jicho linaloweza kuuona unene wake kutoka nje.

Aliifunga hivyohivyo. Na gari likaenda. Ee Mungu, lilienda. Lilipanda vilima vya mjini likiimba, na Grégoire alirudi siku ya kwanza anacheka kama bwana harusi. Akafanya safari za Kavumu, akaenda hadi Lwiro na watu wa harusi, hakuna tatizo. Gérard mwenyewe alikuja kusikiliza injini, akatikisa kichwa kwa heshima. Nafikiri mume wangu alianza kuisahau ile sauti, au alijilazimisha.

Halafu tukaenda Bunyakiri.

Asubuhi ya kurudi, wakati abiria wanapakia, nilimwona anafungua kifuniko cha maji cha injini. Anachungulia, anafunga. Anazunguka gari, anarudi, anafungua tena. Nikamuuliza anatafuta nini humo. Akasema anaangalia tu. Nikachungulia nami, maji yalikuwa yamepungua kidogo, akasema ni joto la jana. Akakifunga kifuniko, akakizungusha tena, kisha akakifuta kwa shati lake. Nilijua kuna jambo. Lakini abiria walikuwa wanatusikia, na mke hamvui mumewe nguo mbele ya watu, basi nikaenda kukaa kwenye kiti changu cha mbele.

Gari lilijaa. Kulikuwa na Papa Mosi, mzee mfanyabiashara wa vitenge, mtu wa maneno machache. Walikuwapo wauzaji wenzangu na bidoni zao, na watu wengine niliowajua kwa sura. Nyuma yangu alikaa mama kijana aitwaye Elodie, na mtoto wake Akili kwenye mapaja. Mtoto alikuwa anapumua vibaya. Kila pumzi ilivuta mbavu ndani, na pua zilikuwa zinafunguka na kufunga. Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa ameandika apelekwe hospitali Bukavu siku ileile. Elodie hakuwa analia. Alikuwa anamtazama mtoto kifuani, bila kupepesa, kana kwamba akitazama pembeni kifua kitasimama.

Tulisali, tukaondoka. Tulipita nyumba za mwisho, tukaanza kupanda, miti ikafunga juu yetu. Gari lilikuwa linavuta vizuri. Mshale wa joto ulikuwa mahali pake. Mimi nilikuwa nimeanza kulegeza mabega, ndipo Grégoire akapunguza mwendo, akalisogeza gari kando, akasimama. Katikati ya Kahuzi. Injini inanguruma, yeye mikono juu ya usukani, macho mbele.

Watu wakadhani ameona kizuizi. Mwishowe akageuka.

"Munisamehe, batu yangu," akasema. "Kulasi ya hii gari nilikwangua miye mwenyewe, si fundi. Fasi moja nilikwangua mingi. Inaweza pasuka hapa mbele, sijue wapi. Sikuweza tena kupandisha batu bila bajue."

Nilimtazama mume wangu na nilitaka kumpiga kofi, na nilitaka kumfunika na kitenge changu, vyote kwa mara moja. Miaka yote ananieleza mambo madogo madogo anayoyaogopa, na hili kubwa alikuwa amelimeza peke yake.

Papa Mosi akajikohoza. "Ungetuambia Bunyakiri," akasema polepole.

Pale Bunyakiri kila mtu angeweza kushuka na kungoja gari lingine. Hapa ukweli wake haukutufaa kitu, ulitupa hofu tu. Wengine wakaanza kugombana kwa minong'ono, maana ndani ya msitu hata hasira inaogopa kusikika. Mmoja alitaka turudi chini. Mwingine akasema kurudi ni kupoteza siku na mchana unaenda. Mwingine akasema afadhali tungoje gari lipite, akaulizwa ni gari gani, na nani atakayetufikia kwanza, gari au wale wa bunduki. Grégoire alikuwa ameinamisha kichwa kama mwanafunzi.

Ndipo Elodie akaongea. Hakupaza sauti.

"Papa Grégoire, mutoto yangu haiwezi kungojea chuma yako. Endesha."

Nilishuka. Sijui nani aliniambia nishuke, miguu yangu ilifanya yenyewe. Nikazunguka nyuma, nikaanza kuteremsha bidoni zangu za mawese kando ya barabara, moja baada ya nyingine. Niliwaza kitu kimoja tu: uzito. Gari likiwa jepesi, injini haitajichosha, na ule ukuta utapata nafasi ya kuvumilia. Papa Mosi akanielewa. Akashuka, akatoa robota lake la vitenge, akaliweka juu ya bidoni zangu. Wengine wakafuata, kwa manung'uniko. Tukakubaliana kwamba Elodie na mtoto ndio watakaobaki ndani, na sisi wote tutapanda kwa miguu nyuma ya gari.

Nikamwendea Grégoire dirishani. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Nikamwambia asisimame kwa ajili yetu, kwa sababu gari likisimama kwenye mwinuko, kuliondoa tena ndiko kutakakoliua. Aende hadi Tshivanga, kwenye kituo cha walinzi wa mbuga, penye watu. Akaniuliza kama ninaogopa. Nikamwambia ndiyo, sana.

Akaondoa gari. Tulitembea nyuma yake, tukila moshi wake, na kwa mara ya kwanza maishani nilifurahi kunusa moshi wa gari. Mwanzoni lilikuwa karibu. Kisha likawa kwenye kona ya mbele. Kisha tukawa tunaliona kwa vipande katikati ya miti. Moshi wake ulikuwa umebadilika, ulikuwa mweupe, mzito, unabaki juu ya barabara hata gari likishapita. Mmoja wa madada wa soko akauliza mbona mweupe. Mimi nilidhani najua, maana mvuke wa maji nauona kila siku jikoni kwangu. Nikasema sijui.

Halafu hatukuliona tena. Tulilisikia tu.

Nitaeleza vipi msitu ule? Watu wa mbali huja kuupenda, wanalipa wauone. Mimi siku ile kila mti niliona una mtu nyuma yake. Tawi lilivunjika mahali fulani upande wa bonde na sote tukasimama kwa pamoja, bila kuambiana. Dada mmoja akashika mkono wangu, kucha zake zikaingia nyamani, nikamwacha. Papa Mosi alikuwa ametangulia, viatu ameshika mkononi visipige kelele. Tulikuwa tunaisikiliza injini kule juu, ikipanda, ikipanda, na sauti yake ndiyo iliyokuwa inatusukuma miguu. Ilipokuwa nzito nilikuwa naomba. Ilipokuwa nyepesi niliomba vilevile.

Ikanyamaza.

Haikufifia, ilikatika. Hapo nikaujua woga wenyewe, maana ule wa awali ulikuwa mchezo. Ukuta umepasuka, au wamewakamata? Nilimwona Grégoire akishushwa na bunduki mgongoni, mtu anayeogopa sindano. Nilimwona Elodie na mtoto. Wenzangu walisimama, mmoja akaanza kurudi nyuma. Mimi nikakimbia mbele. Tafadhali asinisifu mtu, sikukimbia kwa ushujaa. Nilikimbia kwa sababu kusimama nisijue kulikuwa kunanitisha zaidi. Nilipoteza kiatu, sikukirudia.

Baada ya kona nikaona paa la bati, kisha kizuizi cha mbuga, kisha Hiace yetu mbele ya kizuizi, mvuke unapanda kutoka puani mwake. Grégoire alikuwa amepiga magoti kando ya gurudumu, anatapika. Elodie hakuwapo. Nikamshika mabega nikamtikisa, mama na mtoto wako wapi? Mlinzi mmoja wa mbuga akanijibu: ilikuwapo jeep iliyokuwa inashuka mjini, wamepandishwa humo sasa hivi, na mtoto bado alikuwa anapumua.

Basi nikakaa chini karibu na mume wangu, nikamfuta mdomo kwa kitenge changu, tukawangoja wenzetu.

Mawese yangu hatukuyakuta tena tulikoyaacha, wala vitenge vya Papa Mosi. Kwa mwoga huenda kicheko, wanasema wahenga, lakini kwetu kicheko kilikuwa kidogo sana. Watu walikuwa wanatuangalia tu.

Gari lilivutwa kwa kamba hadi Kadutu. Papa Nasoro aliifungua kulasi, akaiinua kuelekea dirishani, akamwita Grégoire achungulie. Palikuwa na ufa mwembamba, mrefu kama kucha, na mwanga ulikuwa unapita. Akaweka ncha ya msumari pembeni mwa ufa, akasukuma kwa kidole gumba, msumari ukazama. Ukuta ulikuwa umebaki ganda la yai. Akamuuliza aliupimaje unene kabla ya kusaga. Grégoire akasema hajawahi kuona mtu akiupima. Papa Nasoro akatoa waya uliokunjwa, akaupitisha kwenye njia ya maji, akasema hii ndiyo kazi yake ya kwanza kila mara, anaifanya baada ya sala ya alfajiri, kabla wenye vigoda hawajaamka. Hakusema kwa kejeli. Kisha akasema atatafuta kulasi nyingine iliyo nzima, ataipanua inavyostahili, na sharti lake ni lilelile. Grégoire akaiacha Hiace yote pale. Alirudi nyumbani kwa miguu, akalala bila kula, lakini aliiacha.

Gari lilirudi barabarani. Linapanda vizuri, si kwa kuimba kama zamani, ila linapanda, na mshale hausogei.

Siku moja tulikuwa kwenye parking, tunapakia kwa ajili ya Bunyakiri, Elodie akatokea. Alikuwa na Akili mgongoni, amenona, anatafuna kipande cha mkate na kutupa makombo kwenye shingo ya mama yake. Alikuja moja kwa moja kwa Grégoire. Akamshika mikono yote miwili, akamshukuru, akasema daktari alimwambia wangechelewa kidogo tu mtoto asingepona. Alisema anamwombea kila Jumapili. Mume wangu alikuwa anatazama chini, macho yamejaa machozi, akamgusa mtoto shavuni. Akamwonyesha kiti cha mbele, akasema kimepanguswa, ni chake, na kulasi hii imefanywa na fundi.

Elodie akatabasamu. Akasema, "Aksanti, papa." Kisha akaenda kupanda gari la Jean-Claude, dereva mwingine wa Bunyakiri, lililokuwa linapakia pembeni yetu.

Nilitaka kukasirika. Nilifungua hata mdomo. Grégoire alinigusa mkono, akachukua furushi la Elodie lililokuwa limebaki chini, akalipeleka, akampakilia vizuri chini ya kiti, akamfungia mlango. Kisha akazunguka upande wa dereva na kumuuliza Jean-Claude kama ameangalia maji.